Omu Mia Nne na Themanini

Senge Roselyne alinipigia simu mara sita kati ya Jumatatu na Alhamisi, na mara zote sita nilimwambia kosa ni lake. Naliweka jambo hili mwanzoni kabisa ili ujue unasimuliwa na mtu wa aina gani.

"Nelima, hii mashine yako haina joto, ni thelathini na tano tu," alisema ile simu ya kwanza.

"Senge, unafungua mlango kila saa. Acha kufungua mlango."

"Sijafungua mrango mimi."

"Basi kuna mtu anafungua."

Senge ni dada wa baba. Kwetu Wabukusu senge hajibiwi hivyo, na baba angenisikia angenichapa makofi hata kwa umri huu wangu. Lakini mimi ni fundi wa umeme hapa Tuwan, Kitale, na kila siku ya Mungu mteja huingia kibandani, ananikuta nimeshika bisibisi mkononi, halafu ananiuliza, "Fundi ameenda wapi?" Ukiulizwa hivyo miaka tisa unakuwa mkali. Unazoea kuwa sahihi, na mwisho unasahau kwamba unaweza kukosea.

Mashine yenyewe ni ya kuangulia mayai, na niliiunda kwa mikono yangu. Sanduku la mbao, kioo kidogo mlangoni cha kuchungulia kipimajoto, feni ndogo, themostati ya kuzima moto joto likifika thelathini na saba na nusu, na koili moja ya waya, ile inayopata moto umeme ukipita ndani yake. Koili ya pili ya akiba, pacha wa ile ya kwanza, niliibandika kwa gundi upande wa ndani wa kifuniko. Nilimpelekea Senge nyumbani kwake Matulo, nikachomeka, nikatoa mita yangu nikapima. Volti 240. Ampia moja kamili.

Hapo hesabu ni ya mtoto. Ukigawanya volti kwa ampia unapata omu, yaani ule ukaidi wa waya kuukatalia umeme njia. Ukizidisha volti kwa ampia unapata wati, yaani moto wenyewe unaoupata. Mia mbili arobaini kwa moja: omu 240. Mia mbili arobaini mara moja: wati 240. Namba ileile mara tatu! Nilifurahi mpaka nikachukua kalamu nene nikaziandika zote juu ya mlango wa mashine, kubwakubwa, Senge akinipigia makofi. Na wati 240 ndizo hasa nilizozitaka, si zaidi wala si pungufu. Tukapanga mayai, nikarudi Kitale nikiimba barabara nzima.

Sasa, hayo mayai. Senge alikuwa na kuku weusi wenye shingo za rangi ya shaba, aliowarithi kwa mama yake, yaani nyanya yangu, naye aliwapata kwa mama yake. Kuku wenye akili na wakali kuliko mbwa. Mwezi uliopita kideri kikapita Matulo. Kwa siku tisa kilimaliza banda lote, jogoo, matetea na vifaranga, na hakikuacha boma la jirani hata moja, kwa hivyo hakukuwa na tetea wa kuazima aatamie. Jogoo pekee wa ukoo huo aliyekuwa nje ya Matulo alipewa shemeji mmoja wa Moi's Bridge, na jamaa zake walimla Krismasi. Yakabaki mayai thelathini na sita ndani ya kikapu, yaliyookotwa kabla ugonjwa haujaingia. Hayo yakiharibika, kuku wa nyanya wamekwisha duniani. Yote thelathini na sita yalikuwa ndani ya sanduku langu.

Simu ya sita ilikuja Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, lakini Senge hakulalamika.

"Leo imekuwa baridi zaidi," alisema. "Thelathini na tatu. Nafikiri niyatoe tu niyazike, Nelima. Nisikusumbue."

Alisema kwa sauti ndogo, ya mtu ambaye ameshakubali. Iliniuma hadi nikashindwa kula.

Ijumaa asubuhi nilimrudishia Abdishakur, mwenye duka la nguo jirani yangu, pasi yake ikiwa vipandevipande kwenye mfuko, nikamwambia nitaimaliza kesho. Alifungua mdomo aseme kitu, lakini mimi nilikuwa tayari juu ya pikipiki yangu. Saa tano nilikuwa Matulo.

Senge alinipokea kwa chai, wala hakunisema. Uani alikuwepo pia Zachary, jirani yake, fundi wa kuchomelea mageti. Simpendi sana Zachary, kwa sababu huniita "msichana wa nyaya" na huwa na maoni juu ya kila kitu. Siku hiyo hakuwa na maoni yoyote. Alisimama kando ya mlango, mikono nyuma, kimya, na hilo peke yake lingenitosha kushuku.

Nilitoa mita. Kwanza nilipima volti za soketi ya barazani, ilipochomekwa mashine. Mia moja na themanini.

Niliipiga mita kofi, nikapima tena. Mia moja na themanini. Haya. Nikachomoa waya wa mashine, nikaunganisha mita njiani ili umeme wote upite ndani yake, nikachomeka. Ampia zikasoma nukta tatu saba tano. Hata nusu ampia haikufika.

Nikatoa simu nikagawanya: 180 kwa 0.375. Jibu likaja 480.

Nikafuta, nikagawanya upya. Mia nne na themanini! Nywele zilinisimama. Volti zinaweza kushuka, hilo linatoka nje, kwenye nguzo. Lakini omu ni za waya wenyewe. Waya niliouacha humu ulikuwa na omu 240, na waya haunenepi wala haurefuki ukilala. Na mia nne na themanini si namba ya ovyoovyo. Ni mia mbili arobaini mara mbili, kamili, bila salio.

"Nani amefungua mashine yangu?" niliuliza.

Senge aliangalia chai yake. Zachary aliangalia mbingu.

"Sijatoa skrubu hata moja," nikasema, "lakini ndani ya hili sanduku kuna koili mbili. Ile ya akiba imeungwa kwenye mkia wa ile ya kwanza, ikafuata nyuma. Jana mchana, sivyo? Ndiyo maana jana kukawa na baridi zaidi."

"Ai!" Zachary alishtuka akarudi nyuma hatua moja. "Wewe ni mganga ama nini?"

"Ni hesabu! Gawanya volti kwa ampia, hesabu inakuambia mwizi ameingilia wapi!"

"Mimi si mwizi, bana." Alijikuna shingo. "Si joto ilikuwa kidogo? Mama hapa alikuwa analia. Nikaona kuna koili ingine umebandika. Nikasema, jikoni moto ikiwa kidogo, si unaongeza kuni? Nikaongeza."

Nilimpasukia. Nilimweleza, na boma zima lilisikia, kwamba waya si kuni. Kwamba ukiunga koili kichwa kwa mkia umeme unalazimika kupita njia mara mbili ya ile ya kwanza, unachoka, unapita kidogo. Kwamba mia moja themanini mara nukta tatu saba tano ni wati sitini na saba na kitu, moto ambao hauwezi hata kukausha soksi. Kwamba ameongeza kuni akazima jiko. Zachary alipokea yote akiwa ameinamisha kichwa. Na mimi, nisiseme uongo, nilikuwa nafurahia.

Nilichomoa mashine, nikaifungua, nikang'oa koili yake, nikampa aishike. Nikarudisha yangu peke yake, nikachomeka kwa madaha. Ampia: nukta saba tano. Gawanya: 180 kwa 0.75. Omu 240!

"Mnaona?" nikasema. "Koili yangu haina hatia."

Tukakaa kusubiri kipimajoto kipande. Thelathini na tatu. Thelathini na nne. Nilikuwa nakunywa chai nimekunja nne. Thelathini na tano. Halafu kikasimama. Nikamaliza kikombe, bado thelathini na tano. Nikamaliza cha pili, bado.

Hapo ndipo nilipofanya ile hesabu ya pili niliyokuwa nimeiruka kwa sababu ya kiburi. Mia moja themanini mara nukta saba tano. Wati 135.

Nilikiweka kikombe chini. Volti zilikuwa zimepungua robo tu, lakini moto ulikuwa umepungua karibu nusu! Kwa sababu volti zikishuka, ampia nazo zinashuka pamoja nazo, na wati unazipata kwa kuzidisha zote mbili, kwa hivyo unapoteza huku na unapoteza kule. Nalijua hilo. Nalijua tangu politekniki. Na thelathini na tano ndilo joto lilelile alilonitajia Senge Jumatatu, kabla Zachary hajagusa chochote.

"Senge," nikasema polepole, "hapa kwako taa huwa zinafifia mchana?"

"Si nilikuambia? Jumatatu nikakuambia taa inakuwa nyekundu, ati ni kama imechoka. Ukaniambia nisifungue mrango."

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angesema kwa ubaya. Uso ulinichoma, nikarudisha mita kwenye volti, nikajifanya naiangalia ili nisimwangalie yeye.

Na nikiwa naiangalia, namba zikaanza kutembea. Mia moja themanini na tano. Mia mbili na kumi. Mia mbili thelathini na sita. Mia mbili arobaini! Balbu ya sebuleni ikang'aa nyeupe. Nikaruka nikasimama.

"Kumetokea nini? Nani amefanya nini?"

"Hakuna," Zachary akasema. "Ni Wekoye ameenda kula."

Ndipo niliposikia ule ukimya. Tangu nifike kulikuwa na ngurumo ng'ambo ya barabara, na sikuwa nimeitilia maanani hata mara moja. Ni kinu cha kusaga mahindi cha Wekoye. Mota yake kubwa iko kwenye waya uleule wa Senge, na ikiguruma inavuta umeme wote wa mtaa.

"Kinu kinasaga kila siku?"

"Kila siku, asubuhi mpaka jioni," Senge akajibu. "Isipokuwa Jumapili."

Jumapili! Nilijipiga paji la uso mpaka Zachary akacheka. Mimi nilikuja lini kupima? Jumapili, baada ya kanisa, kama tunavyokwenda sisi sote kuwaona jamaa zetu, na sufuria ya nyama mezani. Wekoye alikuwa kwenye kwaya. Karakana ya Zachary ilikuwa na kufuli. Matulo nzima ilikuwa imekaa chini inakula, na umeme wote uliachiwa mimi. Niliipima siku pekee ya juma ambayo haifanani na nyingine, halafu nikaiandika kwa kalamu nene kana kwamba ni amri ya Musa.

"Twende tumwambie Wekoye azime," Zachary akapendekeza.

"Azime siku kumi na sita zilizobaki mpaka mayai yaanguliwe? Watu wa Matulo wale nini?"

Nikachukua bahasha kuukuu, nikapiga magoti sakafuni. Nataka wati 240 kwa volti 180. Gawanya wati kwa volti: ampia moja nukta tatu tatu. Gawanya volti kwa ampia hizo: omu 135. Nahitaji ukaidi mdogo, si mkubwa! Ningeweza kukata koili, lakini jioni Wekoye akifunga volti zinarudi 240, na waya mfupi utakuwa mwekundu kama kaa la moto, na ukishaukata huurudishi. Nilitafuna kalamu. Dakika zilikuwa zinakwenda, na mle sandukuni mayai yalikuwa yakipata moto kamili kwa muda wa chakula cha Wekoye tu.

Nikainua kichwa. Zachary alikuwa bado amesimama pale, ameshika koili yake kwa mikono miwili kama alivyopewa, kwa adabu.

"Usisogee," nikamwambia.

"Nimefanya nini tena?"

"Usisogee, nasema! Koili mbili, lakini zisifuatane. Zikae bega kwa bega! Kila moja ianzie kwenye umeme na iishie kwenye umeme. Kila moja inapata volti zake 180 zote, kila moja inavuta nukta saba tano yake. Jumla ampia moja na nusu. 180 gawanya kwa moja na nusu ni omu 120. Na 180 mara moja na nusu ni..." Niliandika upesi hata namba zikapinda. "Mia mbili sabini! Wati mia mbili sabini! Senge, inatosha na inabaki!"

Senge alisimama. Hakuelewa hata neno moja, lakini alisimama.

"Kwa hivyo," Zachary akasema taratibu, "unaongeza koili."

"Naongeza koili."

"Si ndiyo mimi nilisema?"

Nilimtazama. Ningeweza kumjibu kwa maneno hamsini. Lakini alikuwa amesema kweli, na yeye alikuja kusaidia siku ambayo mimi nilikuwa nabishana kwa simu.

"Ndiyo wewe ulisema," nikajibu. "Ulikosea kuunga tu. Na mimi nilikosea kila kitu kingine. Senge, nisamehe. Ulikuwa unaniambia kweli tangu siku ya kwanza."

"Tengeneza mashine," Senge akasema. "Kuomba msamaha utaomba ukila."

Mnajua furaha ya kazi inayokimbia? Zachary alitoka mbio akarudi na konekta na swichi kutoka karakana yake, nyingine zikimdondoka njiani. Mashine ikiwa imechomolewa, alishika mimi nikakaza, nikashika yeye akakaza. Swichi tuliiweka kwenye koili ya pili, ili Wekoye akifunga kinu jioni Senge aizime, ibaki moja. Akisahau, themostati itamlinda. Mikono yetu ilikuwa inagongana, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuniita msichana wa nyaya. Aliniita "fundi". "Fundi, hii iende wapi?" "Fundi, hapa imekaza." Nilijifanya sikusikia, lakini nilisikia kila mara.

Ng'ambo ya barabara kinu kikakohoa, kikanguruma. Balbu ikafifia.

"Sasa," nikasema. Nikachomeka.

Volti 180. Ampia zikapanda, zikatulia: moja nukta tano. Moja na nusu, kama bahasha ilivyosema! Nilipiga kelele. Kipimajoto kikasema thelathini na tano, na ule ukuta wa thelathini na tano kikaupita bila kugeuka nyuma. Thelathini na sita. Zachary akaanza kuhesabu kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Thelathini na sita na nusu! Thelathini na saba! Tukawa sote watatu tumeinama mbele ya kile kioo kidogo. Thelathini na saba na nusu, na themostati ikafanya tik, ikajizima yenyewe. Kinu cha Wekoye kinaguruma, na mashine yangu inapumzika kwa sababu imeshiba! Zachary alinishika mikono tukazunguka ua mzima tukiruka, na mwanamke aliyekuwa akipita na gunia la unga kichwani akasimama kututazama.

Senge hakuruka.

"Na mayai?" akauliza.

Nikaacha kuruka. Hesabu ilikuwa imeniambia kila kitu kuhusu waya. Kuhusu mayai haikuwa na la kusema. Siku nne mchana kutwa yalikuwa yamekaa kwenye baridi, na jana yalishuka hadi thelathini na tatu. Niliwahi kusikia kwamba siku ya tano yai lililo hai huonyesha mishipa ukilimulika gizani. Lililokufa halionyeshi kitu.

Tuliingia na yai la kwanza kwenye stoo ya Senge, isiyo na dirisha, Zachary akaziba mlango kwa blanketi. Niliwasha tochi ya simu nikalishikilia yai juu yake. Likawaka lote njano, safi, tupu. Nikalipeleka, nikaleta la pili. Ndani kulikuwa na duara jekundu na hakuna zaidi, na hata mimi nisiye mfugaji nilijua maana yake: limekufa. La tatu lilikuwa njano tupu tena. Nilitamani sana Senge anitukane.

"Leta lingine," akasema.

Nililiweka la nne juu ya mwanga. Mwanzo sikuona kitu kwa sababu macho yalikuwa na machozi. Kisha nikaona nyuzi, nyekundu, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, zimetawanyika kutoka sehemu moja kuelekea kila upande. Na pale katikati zilipokutana palikuwa na nukta moja ndogo, ndogo kuliko punje ya wimbi, inaruka. Ikatulia. Ikaruka. Ikaruka tena, kwa haraka, kwa hasira kabisa, kama kitu kilichocheleweshwa na watu wapumbavu na sasa kina kazi nyingi ya kufanya.

"Huo ni moyo," nikasema. "Senge, huo ni moyo."

Zachary aliachia blanketi likaanguka, akaliokota upesi. Senge alisogea akasukuma bega langu kando, akainama mpaka pumzi yake ikaligusa ganda. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akalisalimu yai kwa Kibukusu, kwa sauti ileile anayompokelea mgeni aliyefika mlangoni kutoka mbali.

"Mulembe," akaliambia.

Ile nukta iliendelea kuruka, na sisi watatu tukabaki pale gizani tukiitazama, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupumua.